Jeti ya 130: kisa cha kabureta mbili za Yamaha RD350

Pikipiki ililetwa gerejini juu ya mkokoteni wa kuuzia maji, imefungwa kamba za katani, na mwenyewe akitembea kando mkono juu ya tangi, kutoka Shella mpaka hapa Maweni. Mvua ya kusi ilikuwa imeacha madimbwi njia nzima. Niliacha bodaboda niliyokuwa nikiikaza cheni, nikaenda kumpokea.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe hukimbilii nyundo."

Turubai lilipotolewa nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona hapa Malindi tangu utotoni: Yamaha RD350 ya mwaka 1974, tangi lake bado na rangi ya kiwandani chini ya vumbi, ekzosi zake mbili zimeliwa na kutu nchani. Yamaha waliiunda kuanzia 1973 hadi 1975, kisha RD400 ikashika nafasi yake. Ni injini ya stroki mbili, silinda mbili zilizosimama sambamba, cc 347 kwa jumla, inapozwa na upepo tu. Kila silinda ina kabureta yake (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), Mikuni VM28, na hiyo 28 ni upana wa koo la kabureta kwa milimita. Oili haichanganywi kwenye tangi la petroli. Ina tangi lake pembeni, na pampu ya Autolube inaipeleka kwa kipimo, kulingana na kasi ya injini na jinsi aksileta ilivyofunguliwa.

Mzee alinieleza shida yake akiwa amekaa juu ya ndoo niliyompindulia. Pikipiki ilikuwa imelala miaka 9 chini ya banda la makuti uani kwake. Kabla ya kulazwa ilikuwa ngumu kuwaka asubuhi, na mjini ilikuwa ikikohoa. "Na ukiachia aksileta," akasema, "haishuki upesi. Inabaki ikilia juu, kisha inashuka kwa kusitasita." Alitaka iwe tayari kabla ya Idi kubwa, aende nayo Mambrui kwa dada yake kama alivyokuwa akifanya zamani.

Nikachukua daftari nikaandika: ngumu kuwaka, inakohoa, petroli imeoza, fungua kabureta. Lile la aksileta sikuliandika. Nililisikia vizuri, lakini nililichukulia kuwa ni maneno ya mtu anayeikumbuka pikipiki yake kwa mapenzi.

Kazi yangu ya kila siku ni bodaboda za stroki nne, silinda moja, kabureta moja. Ikikosea, kosa liko hapo hapo. Pikipiki ya kabureta mbili inadai jicho jingine, kwa sababu kila unachokiona upande mmoja lazima ukipime na upande wa pili, na tofauti ndogo kati yao ndiyo inayokueleza habari. Nilijua hivyo kabla ya kuanza, ndiyo maana kilichofuata kinaniuma.

Kufungua kulianza na bisibisi. Skrubu za Mikuni ni za kipimo cha Kijapani, JIS, na bisibisi ya nyota ya kawaida haikai mpaka chini. Inapanda na kuukwangua msalaba. Skrubu mbili za bakuli la kulia, lile linaloshika petroli chini ya kabureta, zilikuwa zimeshaliwa hivyo. Ukiwa na bisibisi ya JIS, ikae wima, ikandamize kwa uzito wa mwili, zungusha. Zilitoka zote, hata zile mbili.

Bakuli la kushoto lilipotoka harufu ilijaa gereji. Petroli iliyolala miaka hainuki petroli tena, inanuka vanishi. Chini ya bakuli palikuwa na utando wa kahawia, mgumu kama sukari guru iliyoshika sufuria, na juu yake unga mweupe, kazi ya unyevu na chumvi kwenye madini laini ya kabureta. Hapa pwani kitu kikilala hakilali peke yake. Chumvi inalala nacho.

Pini ya boya, lile linaloelea bakulini na kuifunga petroli ikijaa, ndiyo mahali ambapo mafundi wengi wameua kabureta hizi. Inapita katika nguzo mbili nyembamba ambazo ni sehemu ya mwili wenyewe wa kabureta. Ukiigonga pini bila kuegemeza nguzo, nguzo inakatika, na hapo umepoteza kabureta nzima kwa ajili ya kipande kidogo kuliko njiti ya kiberiti. Niliinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, nikaiacha ilale. Asubuhi niliegemeza nguzo kwa kipande cha mbao ya mwembe nilichokichonga kikae sawasawa, nikaisukuma pini kwa msumari uliosawazishwa ncha, kwa mkono, bila kugonga. Ilitoka kama uzi wa ushanga.

Kisha nikapanga vitu vyote juu ya kitambaa cheupe, vya kulia kulia, vya kushoto kushoto, nikaanza kusoma namba.

Jeti ni kipande kidogo chenye tundu la kupimia petroli, na namba ikiwa kubwa petroli inapita nyingi. Jeti kubwa ya kulia ilikuwa 110. Ya kushoto 130. Sindano ya slaidi (kizibo kinachonyanyuliwa na waya wa aksileta) ya kulia ilikuwa na klipu kwenye mfereji wa katikati; ya kushoto, mfereji wa chini kabisa, maana yake sindano imenyanyuka na petroli inapita nyingi. Nilipoigeuza kabureta ya kulia juu chini na kupima boya kutoka uso wa gasketi, lilisimama milimita 15. La kushoto 13. Kipimo hicho kikipungua, boya linachelewa kufunga, na petroli inasimama juu zaidi bakulini.

Nikamwambia kijana ninayemfundisha, "Tazama uzembe huu. Mtu ametia jeti yoyote iliyokuwa kwenye kopo." Tukaendelea na kazi.

Nimeyaandika maneno yangu kama nilivyoyasema kwa sababu hapo ndipo kisa kilipoharibika. Mabadiliko matatu, yote kwenye kabureta moja, yote yanavuta upande mmoja: kuongeza petroli kwenye silinda ya kushoto. Uzembe haujipangi namna hiyo. Kama moja tu lingekuwa tofauti, sawa, mtu amekosea. Matatu yakikubaliana, kuna mtu aliyekuwa akipigana na kitu.

Nisimame kidogo kwa wale ambao hawajafungua kabureta ya aina hii. Ndani yake zimo njia kadhaa za petroli, na kila moja ina zamu yake. Aksileta ikiwa imefungwa au imefunguliwa kidogo mpaka kama robo, anayelisha injini ni jeti ndogo pamoja na skrubu ya hewa ubavuni. Kuanzia hapo mkato wa chini ya slaidi unaingia, halafu sindano inayopanda na kushuka ndani ya bomba lake, na sindano ndiyo inayotawala katikati, robo hadi robo tatu. Jeti kubwa inashika usukani robo tatu kwenda mwisho tu. Kwa hiyo mtu anayebadilisha jeti kubwa ili kutibu ugonjwa wa mwendo wa taratibu anampa dawa mgonjwa mwingine. Nimeona hayo katika gereji nyingi: injini ikikohoa popote, "ongeza jeti". Ni desturi mbaya, na kwenye stroki mbili ni ya hatari.

Hatari yenyewe ni hii. Katika stroki mbili, mchanganyiko wa petroli na hewa hupitia kwanza kwenye kasha la chini, kando ya krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), ndipo upande juu kwenye silinda. Petroli hiyo ikigeuka mvuke inabeba joto, inaipoza pistoni. Ikipungua, moto unakuwa mkali, pistoni inavimba kuliko silinda inavyoweza kuipa nafasi, na inabana. Pampu ya Autolube inaweza kuwa inafanya kazi yake sawasawa na injini ikabana vilevile. Oili ipo, joto limeshinda.

Kusafisha kulichukua siku mbili na ndimu kama arubaini kutoka sokoni. Nilizikamua, nikachanganya na maji, nikachemsha kwa moto mdogo kwenye sufuria kuukuu, miili ya kabureta ikiwa imevuliwa mipira na gasketi zote. Asidi ya ndimu inaifungua vanishi na inaondoa ule unga mweupe hadi ndani ya matundu usiyoyaona. Lakini usiondoke. Dakika 20, toa, tazama, rudisha kama bado. Ukisahau, madini yanageuka meusi na kuanza kuliwa. Baada ya ndimu niliziosha kwa maji yenye magadi ili kuiua asidi, halafu maji safi, halafu hewa ya kompresa katika kila tundu, nikiziba moja kwa kidole na kusikiliza linapotokea jingine.

Jeti hazichokolewi kwa waya wa chuma. Jeti ni shaba ya njano, na tundu lake ndilo kipimo. Ukilikwangua umeshabadilisha namba iliyoandikwa juu yake. Nilitumia uzi mmoja wa shaba nyekundu kutoka ndani ya waya wa umeme, ambao ni laini kuliko jeti, na kwa jeti ndogo nilitumia mshipi mwembamba wa nailoni, wa kuvulia. Jeti ndogo ya kulia ilikuwa imezibwa kabisa. Niliiloweka usiku, nikapitisha mshipi, kisha nikaielekeza juani. Kwanza giza, halafu kinundu kikasogea, halafu nukta ya mwanga, duara, safi. Kijana aliipokea akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Mlango mwingine unaosahaulika ni njia ya choki. Katika RD350 choki, ya kuwashia injini ikiwa baridi, iko kwenye kabureta ya kushoto, na bomba dogo la mpira linavuka kwenda ya kulia kuigawia. Bomba hili la mzee lilikuwa limekauka na kupasuka pembeni. Likipasuka linavuta hewa isiyopimwa, na pikipiki haiwaki vizuri ikiwa baridi. Nilikata jipya la mpira unaostahimili petroli. Hiyo ilieleza kwa nini ilikuwa ngumu kuwaka asubuhi, na ikanipa furaha ya mapema.

Vifaa vipya tuliagiza kama pakiti ya kukarabatia: gasketi, oringi, sindano za boya na viti vyake, jeti, sindano za slaidi. Nilitumia gasketi, oringi na sindano za boya. Jeti na sindano za pakiti nilizirudisha kwenye mfuko wake. Jeti za Mikuni zenyewe zina alama ndogo ya mraba iliyogongwa kwenye shaba. Hizi hazikuwa nayo, na uzi wa shaba uliokataa kuingia kwenye jeti ndogo ya asili uliingia bila shida kwenye ya pakiti, ingawa namba ni ile ile. Shaba ya asili iliyosafishwa vizuri ni bora kuliko shaba mpya usiyoijua baba yake.

Jeti ya 110 ya pili niliipata Mombasa, yenye mraba wake. Basi nikazisawazisha kabureta: 110 kulia na kushoto, klipu zote mfereji wa katikati, maboya yote milimita 15, skrubu za hewa mzunguko mmoja na nusu kutoka zilipofungwa. Ile 130 niliitupia kwenye kopo la skrubu.

Kuzilinganisha slaidi ni kazi ninayoipenda. Waya wa aksileta wa RD unagawanyika mara tatu: kabureta mbili na pampu ya oili. Unatoa filta, unatia kidole kimoja katika kila mdomo wa kabureta, vidole vinagusa slaidi, na mwenzako anazungusha aksileta taratibu sana. Vidole vinajua kabla ya macho. Moja ilinyanyuka mapema kidogo. Nikarekebisha waya wake. Kisha unaachia ghafla na kusikiliza zinavyoanguka. Zikilingana unasikia "tak" moja. Zikitofautiana unasikia mbili zinazofuatana, kama kandambili, mguu mmoja mbele ya mwingine. Tulirudia mpaka "tak" ikawa moja. Pampu ya oili nikailinganisha alama yake na pini wakati waya umekazwa na kulegea kumekwisha, nikatoa hewa kwenye bomba zake mpaka oili ikatoka bila povu. Kwa majaribio nilitia pia oili ndani ya petroli, mililita 33 kwa lita moja, kwa sababu pampu iliyolala miaka 9 siiamini siku ya kwanza. Tahadhari hiyo, nadhani, ndiyo iliyotuokoa.

Iliwaka kiki ya tatu. Moshi wa buluu ulipanda, watoto wa jirani wakaja mbio, na mzee, ambaye alikuwa amekuja bila kuitwa, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

Kisha nikaachia aksileta, na injini ikabaki ikilia juu.

Nilifikiri ni mpangilio wa mwisho tu. Kwenye kabureta hizi skrubu ya hewa ukiifunga unaongeza petroli, ukiifungua unapunguza. Ya kulia ilitulia pale pale kwenye mzunguko mmoja na nusu. Ya kushoto haikutulia mpaka nilipoifunga ikabaki nusu mzunguko. Kabureta mbili zilizosafishwa kwa ndimu ile ile, zenye jeti sawa na boya sawa, na moja inalilia petroli zaidi. Alama ya nne, upande ule ule wa kushoto. Nami nikasema, "Itajisawazisha ikikimbia."

Siku ya pili niliichukua barabara ya kaskazini. Mpaka daraja la Sabaki ilikwenda kwa raha, na naomba niseme ukweli kwamba sauti ya stroki mbili za silinda mbili ikipanda ni kitu ambacho mwili hausahau. Baada ya daraja nikatulia kwenye kasi moja, aksileta katikati, upepo wa bahari ubavuni. Dakika chache baadaye sauti ikawa kavu. Sijui neno bora zaidi. Ule unono ndani ya mlio ulitoka, ukabaki mgongano wa bati. Halafu nikahisi kama mtu ameishika pikipiki kwa nyuma, kwa upole. Nilivuta klachi papo hapo na kuzima injini, nikateleza mpaka ukingoni.

Mtu anayeendesha stroki mbili kuukuu hutembea na vidole viwili juu ya klachi. Ningechelewa kidogo, gurudumu la nyuma lingefunga.

Nilikaa chini ya mnazi kama saa nzima ikipoa. Kisha nikafungua plagi. Ya kulia: rangi ya chai ya maziwa, vile inavyotakiwa. Ya kushoto: nyeupe kama mfupa, na juu ya kaure yake vitone vidogo vya fedha, vidogo kuliko punje ya chumvi ya Gongoni. Vitone hivyo ni aluminiamu. Ni pistoni yenyewe inayoanza kuondoka.

Nilirudi kwenye pikapu ya muuza nazi.

Gerejini nikatoa ekzosi ya kushoto na kumulika tochi kwenye tundu. Ubavu wa pistoni ulikuwa na michirizi ya wima upande wa ekzosi, lakini si ya kina, na ringi zilicheza nilipozibonyeza kwa kijiti. Imeunguzwa, haijafa. Nikakaa na daftari langu la siku ya kwanza, nikasoma yale mambo manne niliyoandika, na nikakumbuka la tano ambalo sikuliandika. Ukiachia aksileta haishuki upesi.

Injini inayobaki juu aksileta ikifungwa inavuta hewa mahali ambapo si mlango. Kabureta zangu zilikuwa sawa. Kwa hiyo hewa ilikuwa ikiingia baada ya kabureta, upande wa kushoto.

Kipimo cha kuitafuta hewa hiyo ni kuziba milango ya kuingilia na ya ekzosi, kujaza upepo ndani ya kasha, na kuona kama unakaa. Desturi ni psi 6 (psi ni kipimo cha presha) kwa dakika 6. Geji za gereji hazifai hapo, hata mshale haunyanyuki. Jirani yangu aliyekuwa muuguzi aliniazima kipimo cha presha, kile cha kufunga mkononi na kubonyeza mpira. Mwisho wake ni milimita 300 za zebaki, ambazo ni karibu psi 5.8. Kinafaa kama kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Niliziba kwa mpira wa tyubu na vipande vya mbao, silinda mbili kwa pamoja kwa sababu sili (kizuizi cha hewa na oili) ya katikati ya krankishafti hii si ya kubana kabisa. Tukabonyeza mpaka 300. Mshale ulianguka mbele ya macho yetu. Haukumaliza hata dakika moja.

Kijana akapaka maji ya sabuni kwa brashi ya kunyolea. Mipira ya kuunganishia kabureta: kavu. Kichwa cha silinda: kavu. Chini ya silinda: kavu. Tukatoa kifuniko cha kushoto, tukatoa dinamo, akapaka nyuma yake, kuizunguka ncha ya krankishafti. Povu likachemka pale kama ugali unaoanza kuiva.

"Hiyo hapo, bosi," akasema.

Sili ya krankishafti, upande wa kushoto, ya mwaka 1974, mpira wake umekuwa mgumu kama ukucha. Pistoni ikipanda, kasha linavuta, na badala ya kuvuta kutoka kwenye kabureta peke yake linavuta pia hewa tupu kupitia sili. Aksileta ikiwa imefungwa mvuto ndani unakuwa mkubwa zaidi, ndipo hewa hiyo inapozidi na injini inabaki juu. Upande wa kulia una klachi na oili ya gia. Sili ya kule ikichoka injini inameza oili na kutoa moshi mzito. Ya kushoto ikichoka haikuonyeshi kitu kwa macho. Inakausha tu.

Na sasa zile tofauti tatu zilisomeka. Aliyetia jeti ya 130, akashusha klipu, akapandisha petroli bakulini, alikuwa akiilisha silinda ya kushoto petroli ya kufidia hewa ya sili. Jeti haikusaidia sana, kwa kuwa zamu yake ni ya mwisho wa aksileta. Klipu ndiyo iliyosaidia, pale katikati ambapo mtu anasafiri. Mimi nilipozisawazisha kabureta niliondoa bandeji nikaacha kidonda.

Matengenezo ya sili nitayapita haraka. Nilishusha injini na kulifungua kasha, nikabadilisha sili zote mbili za nje, maana zina umri mmoja. Zilipatikana kupitia jamaa wa Mombasa anayeagiza India, ambako pikipiki hii hii iliundwa kwa jina la Rajdoot 350 kuanzia 1983, kwa hiyo vipuri vyake huko havijakatika. Pistoni nililainisha michirizi kwa msasa laini na oili, nikatia ringi mpya, silinda nikaipitishia jiwe.

Tuliporudia kipimo cha presha, 300 ilisimama. Baada ya dakika 6 ilikuwa 290. Nikarudisha kabureta bila kugusa kitu, sawa kwa sawa kama nilivyoziweka mwanzo, plagi mpya NGK B8HS. Skrubu zote mbili za hewa zilitulia kwenye mzunguko mmoja na nusu. Nikaongeza moto, nikaachia, na injini ikashuka mara moja, ikakaa chini ikinguruma, tang-tang-tang, kama mtu aliyekaa kitako.

Mzee alikuja siku hiyo baada ya Alasiri. Nilimweleza yote, pamoja na safari ya Sabaki, kwa sababu pistoni ni yake na ilikuwa haki yake kujua nani aliiunguza. Nilimwomba radhi. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama ile jeti ya kushoto ninayo bado. Nikaitafuta kwenye kopo la skrubu.

"Hii alitia rafiki yangu," akasema. "Fundi, Mungu amrehemu. Alikuwa akiniambia upande huu una pumu, mpe chakula zaidi, na usimkimbize masafa. Sili zilikuwa hazipatikani wakati ule. Akasema siku zikipatikana, itoe."

"Mbona hukuniambia, ami?"

"Nilikuambia haishuki upesi. Yeye neno hilo hilo moja lilimtosha."

Sikuwa na la kujibu. Kijana alikuwa amesimama karibu akifuta mikono, na niliona aibu mbele yake kwa lile neno nililolitumia juu ya mtu nisiyemjua.

Mzee alikwenda Mambrui siku ya pili ya Idi, akarudi jioni. Plagi tulizifungua pamoja kwenye mwanga wa mlango: mbili za rangi moja, chai ya maziwa, ya kushoto labda nyeupe kidogo sana. Klipu nimeiacha hapo kwanza. Nitaitazama tena baada ya kilomita 300. Bakuli la kulia linatoa jasho la petroli kwenye kona, pale skrubu iliyoliwa isipokaza vizuri, na skrubu mpya za JIS ziko njiani.

Jeti ya 130 mzee aliifunga kwenye kipande cha karatasi ya daftari langu. Niliikata ile karatasi ya siku ya kwanza, nikaongeza mstari wa tano kwa kalamu, ndipo nikampa.